Waya ya shaba iliyokuwa alumini: uzoefu wangu na pampu ya kisima

Mota ikinguruma bila kuzunguka, usisimame kuitazama. Zima. Mimi nilisimama nikaitazama, siku ya kwanza, ya pili, hadi ya tatu ikatoa moshi na harufu ya vanishi iliyoungua, na hapo ndipo darasa langu la shaba na alumini lilipoanza. Ada niliilipa kwa fundi wa mota.

Naishi Kigamboni, nina bustani ya mchicha, bamia na pilipili, na kisima kifupi kilicho mita 60 kutoka kwenye sakiti breka ya nyumba. Pampu ni ya juu, nguvu farasi moja na nusu. Nilihitaji nyaya tatu za kwenda kisimani, kwa hiyo roli mbili za mita 100, saizi 2.5 (yaani milimita za mraba za metali, waya ukiikata na kuitazama mdomoni). Nikazipata kwenye duka moja la vifaa vya umeme Kariakoo kwa bei iliyokaribia nusu ya bei ya duka la jirani. Nikauliza mbona rahisi hivyo. "Dada yangu, shaba tupu hiyo, mzigo umeshuka juzi tu." Akaimenya ncha kwa meno, ikang'aa rangi yake nyekundu. Nikalipa. Roli zote mbili nilizibeba mwenyewe kwa mkono mmoja hadi kwenye daladala, na wala sikujiuliza mbona ni nyepesi.

Wiki za mwanzo maji yalipanda vizuri. Kisha pampu ikaanza kusitasita jioni, umeme ukipungua mtaani. Kijana aliyenifungia akabadilisha kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Ikakubali siku nne. Akabadilisha tena, akasema kapasita za siku hizi feki. Kwa hilo labda hakukosea, ila ugonjwa haukuwa huo.

Mota ilipoungua nikaipeleka Temeke kwa mzee mmoja anayesuka mota, yaani anayezizungushia waya mpya ndani. Akaifungua, akaisuka upya kwa waya ya shaba yenye vanishi, na ile ya zamani iliyoungua ikabaki kwake kama ilivyo desturi (atauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna anayemwuliza). Siku ya kuichukua akanishika mkono. "Mwanangu, nikikupa hii ukairudisha kwenye waya ileile, mwezi ujao uko hapa. Niletee kipande cha waya yako nikione."

Nilimpelekea kipande cha urefu wa mkono. Akakimenya, akatoa uzi mmoja katika ile saba, akaukwangua kwa kisu cha kufungulia barua. Ngozi nyekundu ikatoka kama rangi ya kucha, ndani mweupe. Akawasha tochi yake ndogo ya gesi ya kulehemu, akaushika uzi kwa koleo. Haukuwaka wala kubadilika rangi: ulilegea tu, ukajipinda, ncha ikawa tone na likadondoka mezani. Akachukua uzi wa shaba kutoka kwenye mota yangu ya zamani, akaupitisha kwenye moto uleule. Huo ukawa mwekundu kama kaa, ukatolewa, ukawa mweusi, ukabaki umenyooka. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, shaba inangoja mpaka 1,085. Kwa mzee huyu hiyo ndiyo maabara nzima.

Kumbe nilichouziwa ni alumini iliyovikwa koti jembamba la shaba. Hata hivyo alumini yenyewe haikuwa ndiyo kosa lote. Mzee akaupima uzi kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene: milimita 0.53. Waya ya kweli ya 2.5 yenye nyuzi saba, kila uzi una kama milimita 0.67. Piga hesabu, utaona nilipewa kama 1.5 iliyoandikwa 2.5. Niliibiwa mara mbili ndani ya ganda moja la plastiki.

Sasa tuje kwenye kilichoiua mota, maana hapa ndipo tofauti ya hizi metali mbili inapoonekana kwa macho. Alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya shaba, unene ukiwa sawa. Ukiichukua na bado ukaipunguza unene, kwa mita 60 za kwenda na 60 za kurudi unapata ukinzani (namna waya inavyouzuia umeme) wa kama omu mbili. Pampu ikiwa tayari inazunguka inavuta ampea nane hivi, unapoteza volti 16 njiani, unaweza usitambue. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mara nne, mara tano ya hapo. Siku tuliyokwenda kupima, nyumbani mita ya umeme ilisoma volti 228. Kisimani, mota ikiwa inanguruma, ilisoma 160. Na nguvu ya mota ya kujisukuma haipungui sawasawa na volti, inapungua kwa kipeo cha pili: kwa volti 160 inabaki chini ya nusu. Inavuta umeme mwingi, haizunguki, feni ya kuipoza nayo imesimama. Inajipika yenyewe.

Kituko cha pili kilikuwa kwenye kiboksi cha maungio pale kisimani. Kilipofunguliwa, plastiki imeyeyuka upande mmoja, skrubu nyeusi, na waya pembeni yake ina ungaunga mweupe. Ile ni kutu ya alumini. Shaba ikichafuka hewani inakuwa nyeusi au ya kijani, lakini ukiifunga vizuri bado inapitisha. Alumini inajivika ngozi ya oksaidi mara tu inapogusa hewa, na ngozi hiyo haipitishi umeme. Pia ni laini: ukiibana kwa skrubu inatambaa taratibu kutoka chini ya skrubu, na kwa kuwa inatanuka kwa joto kuliko shaba (kama sehemu 23 kwa 17 katika milioni, joto likipanda nyuzi moja), kila pampu inapowaka na kuzimwa ungio linalegea kidogo. Ongeza na hewa ya chumvi ya Kigamboni. Mahali ambapo shaba na alumini zimegusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Marekani walijengea nyumba nyingi waya za alumini kati ya 1965 na 1973 shaba ilipopanda bei, na maungio ya namna hii yakaunguza nyumba za watu.

Nimenunua shaba mara ya pili, safari hii saizi 4, kwa sababu ya umbali. Bei ilinichoma, sitasema uongo. Roli moja ilinilazimu kubadilisha bega mara tatu kabla sijafika kituoni. Mita zikasoma nyumbani 228, kisimani 223 pampu ikifanya kazi. Inawaka mara moja, hata jioni. Mwezi wa kumi na moja huu tangu ifungwe, kiboksi nimekifungua mara mbili kukagua na skrubu hazijalegea.

Kwa hiyo alumini ni takataka? Wengi walionisikia nikilalamika wamefika hapo, na nawapinga. Waya inayotoka nguzoni kuja kwangu ni alumini, inaning'inia juani na mvuani miaka yote, haijanisumbua. Imetengenezwa nene inavyostahili, na maungio yake ni yale makubwa ya kubana, si skrubu ya soketi. Sentimeta moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya shaba karibu 9. Ukitaka zipitishe umeme sawa, waya ya alumini itakuwa nene zaidi lakini uzito wake ni kama nusu tu ya ile ya shaba, na nguzo zinashukuru. Ndiyo maana ile laini kubwa ya umeme ya Kongo inayotoka bwawa la Inga kwenda kwenye migodi ya Katanga, kilomita kama 1,700, imevutwa kwa alumini yenye chuma ndani. Enzi za Mobutu jimbo lile liliitwa Shaba, kwa neno letu hilihili, na umeme wa kuichimba shaba unafika kwa alumini! Tena waya ya alumini hainyemelewi na wezi kama ya shaba, jambo ambalo mtu yeyote aliyeamka akakuta waya yake ya athi (ile inayokwenda ardhini) imekatwa atalielewa.

Ninachokiona cha ajabu kila nikipita Barabara ya Mandela ni yale malori yenye mabamba mekundu ya shaba, yamefungwa kwa mikanda, yanatoka Zambia na Kongo kwenda bandarini. Reli ya TAZARA yenyewe, kilomita 1,860, ilijengwa zaidi kwa ajili ya shaba ya Zambia. Shaba inapita mlangoni petu, halafu dukani tunauziwa koti lake tu.

Jikoni nako hukumu yangu ni nyingine kabisa. Shaba inasambaza joto kuliko alumini, zaidi ya mara moja na nusu, lakini kwa wali wa kila siku sufuria ya alumini inatosha na haivunji kiwiko. Bibi yangu alikuwa na sufuria ya shaba, kila baada ya muda ilipelekwa kupakwa bati ndani, kwa sababu shaba ikikutana na ndimu au ukwaju inayeyukia kwenye chakula na ni sumu. Alumini nayo haipendi uchachu: ukilaza mchuzi wa nyanya humo, asubuhi unakuta vidoti na ladha ya bati. Mchuzi wa ukwaju mimi naupikia kwenye chungu, mjadala umeisha. Hili neno sufuria lenyewe, nasikia wazee wakisema asili yake ni Kiarabu cha shaba. Alumini imerithi jina na nyumba.

Kwa atakayenunua waya kesho: usidanganywe na ncha nyekundu, wala na meno ya muuzaji. Beba mzani wa mkononi. Mita 100 za 2.5 zina shaba ya kilo mbili na robo, hapo hujahesabu plastiki. Yangu ilikuwa na metali isiyofika hata kilo moja. Omba kukwangua uzi mmoja kwa wembe. Mwenye shaba ya kweli hakatai. Yule wangu, nilipomrudia na kipande kilichokwanguliwa, aliniambia hajawahi kuniona.

Alama zangu: shaba ya saizi 4 kwa pampu, tisa kwa kumi, moja nimekata kwa bei. Alumini ya kutoka nguzoni, tisa vilevile. Sufuria ya alumini, nane. Ile waya ya koti, kwa umeme, sifuri.

Mabaki yake lakini sikutupa. Nimeyavuta kutoka kwenye mwembe hadi nguzo ya choo, plastiki yake ikiwa palepale, haichafui nguo na ni nyepesi kuikaza. Mashuka mawili mazito inayabeba bila kulalamika. Kijana wa kapasita alipopita juzi akaitazama akaniuliza, "Mama, hii si ile waya?" Nikamwambia ndiyo yenyewe, na nikampa beseni la nguo anishikie.