Lenzi ya kuvuta mbali: ununue f/2.8, f/4 au f/5.6?

Kinachopandisha bei ya lenzi ya kuvuta mbali mara nyingi si milimita (urefu wa kuvuta), ni tundu, yaani uwazi unaopitisha mwanga, unaoandikwa kwa f/. Lenzi mbili za 70-200 zinamvuta mtu sawasawa, ila yenye f/2.8 inapitisha mwanga mara mbili ya yenye f/4, na mara nne ya inayoishia f/5.6. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Chukua ukumbi wenye taa za rangi, maharusi wanaingia wakicheza. Mikono isivutike kwenye picha unahitaji shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/200 ya sekunde au ya haraka zaidi. Tuseme kwa f/2.8 kamera inatosheka na ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ya 3200. Kwa f/4 itadai 6400, kwa f/5.6 itadai 12800, na hapo kamera nyingi za bei ya kati zinajaza chenga kwenye suti nyeusi. Kizuia mtikisiko hakikuokoi: kinatuliza mkono wako, hakimtulizi anayecheza. Mpira wa usiku ni mgumu zaidi, maana shata inatakiwa 1/1000.

Mpangilio ufuatao unamlenga mwenye kazi mchanganyiko: sherehe, mpira, na mbuga mara mojamoja.

1. 70-200 f/2.8 ya mtumba, toleo lililotangulia
Kama picha zinakulipa, anzia hapa. Canon EF 70-200 f/2.8L IS II au Tamron 70-200 f/2.8 G2 bado ni lenzi za kazi, na za EF (kifungio cha zamani cha Canon) zinafanya kazi vizuri kwenye kamera za RF (kifungio kipya) kwa adapta. Jiandae na uzito wa karibu kilo 1.5, baada ya saa nne za sherehe bega litakukumbusha. Pia usifungue f/2.8 kila mahali. Ukiwa mita 4 kutoka kwa maharusi, kwa 200mm kwenye sensa ya fremu kamili (kubwa, 36×24mm), eneo lililo kali ni kama sentimita 7 tu. Bibi harusi akisogea nusu hatua nyuma, mmoja wao ana ukungu usoni. Kwa watu wawili funga hadi f/4, kwa kundi f/5.6.

Wenye Nikon wawe macho. AF 80-200 f/2.8D inauzwa kwa bei inayovutia, lakini haina mota ya fokasi ndani. Kwenye D3000, D5000 na ndugu zake utazungusha fokasi kwa mkono, na kwenye kamera za Z zisizo na kioo hata adapta ya FTZ ya Nikon haitakusaidia. Tafuta iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake.

2. 55-250 au 70-300, f/4-5.6 yenye kizuia mtikisiko
Ya pili kwa sababu ya bei. Mchana nje, mahafali uwanjani au regata (mashindano ya mashua), Canon EF-S 55-250 IS STM yenye gramu 375 inatoa picha ambazo mteja hatazitofautisha na za lenzi ya mamilioni. Kwenye sensa ndogo ya Canon, 250mm inaona kama 400mm. Kero yake ni tundu kubadilika: ukipanga mwanga kwa mkono ukiwa f/4, kisha ukavuta hadi mwisho, tundu linajifunga lenyewe hadi f/5.6 na picha inatoka nyeusi kwa hatua nzima (nusu ya mwanga). Panga f/5.6 tangu mwanzo, ukitaka mwanga mmoja. Kwa Nikon, lenzi za AF-P (zenye mota ya fokasi ya aina mpya) hazifokasi kwenye kamera za zamani kama D90 na D3100. Ijaribu kwenye kamera yako kabla ya kulipa.

3. 70-200 f/4
Nyepesi, kali, kama gramu 700 hadi 800. Mpya, mara nyingi bei yake inakaribia ya f/2.8 ya mtumba, na ukumbini inakuacha njiani. Inunue kama unatembea sana na kazi zako ni za mchana.

4. 150-600 f/5-6.3
Kwa anayepiga picha za wanyama na ndege tu, hii ndiyo namba moja. Serengeti gari halitakiwi kuacha barabara, kwa hiyo chui akiwa juu ya mti ng'ambo, 200mm inampa ukubwa wa punje. Tundu dogo linauma asubuhi na magharibi, wanyama wanapozurura. Sigma Contemporary ina takriban kilo 1.9: egemeza kwenye mfuko wa mchele dirishani, injini ikiwa imezimwa.

5. 75-300 f/4-5.6 isiyo na kizuia mtikisiko
Ndiyo inayosukumwa pamoja na kamera kwenye vifurushi. Fokasi inachelewa, na ukifika 300mm picha inalegea. Iache dukani.

Ukinunua mtumba, fungua vifuniko vyote viwili na upitishe tochi ya simu upande wa nyuma. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, rudisha. Vumbi chache hazina neno. Kisha bandika gazeti ukutani, kamera kwenye tripodi, piga kwa 200mm tundu likiwa wazi kabisa. Kona moja ikififia na tatu zikasomeka, lenzi imeanguka na vioo vimehama; kuirekebisha kutakula nafuu yote. Bonyeza shata nusu: picha ikirukaruka kwenye kitafutio, kizuia mtikisiko kinakufa.

Kwa wa pwani, begi la ngozi lililofungwa kabatini ndilo shamba la fangasi. Weka lenzi kwenye boksi la plastiki lenye mpira wa kubana, pamoja na silika (punje za kunyonya unyevu) na kipima unyevu kidogo. Kikisoma zaidi ya asilimia 60, kausha silika au weka nyingine.