Rampu za mlangoni: uzoefu wangu na kiti cha magurudumu, na skuta ya baba

Nyumbani kwetu tuko wawili tunaotegemea magurudumu. Mimi natumia kiti cha kusukuma kwa mikono, na baba, tangu magoti yalipomshinda, anatembelea skuta ya umeme ya magurudumu manne. Milango tunayopita ni ile ile. Kila rampu, yaani ule ubao wa mteremko unaowekwa kwenye kidato ili magurudumu yapite, iliyoingia humu ndani ilibidi imfae yeye na inifae mimi, na kipimo changu kimekuwa kimoja tangu mwanzo: je, naweza kupanda na kushuka peke yangu, bila kumwita mtu anishike? Rampu inayonilazimu kuita msaidizi nahesabu kwamba haijanisaidia, hata ingekuwa imara namna gani.

Ndiyo maana naanza na urefu. Wengi hutazama kwanza kama rampu inaonekana nzito na madhubuti, halafu ndiyo wanauliza urefu wake. Mimi nasema pima kimo cha kidato kwanza, kisha zidisha kwa 12, upate urefu wa rampu. Uwiano huo wa 1 kwa 12, yaani sentimita 1 ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu, ndio unaotumika Marekani kama mwinuko wa juu kabisa kwa rampu za majengo ya umma. Uingereza nao mwongozo wa majengo ya umma unaukubali, ila kwa rampu fupi tu, zisizozidi mita 2. Ikifika mita 5 wanataka 1 kwa 15, na ya mita 10 iwe 1 kwa 20. Sababu yake mikono yangu inaijua: mwinuko ambao unavumilika kwa hatua mbili, ukirefuka unakumaliza pumzi.

Mlango wetu wa mbele una kidato cha sentimita 15. Zidisha kwa 12, unapata sentimita 180, yaani karibu futi 6. Muuzaji alitupendekezea ya futi 4 kwa kuwa ni nyepesi na haichukui nafasi. Kwa kidato hicho, ya futi 4 inakupa takriban 1 kwa 8. Niliijaribu palepale. Kupanda nilipanda, lakini magurudumu ya mbele yalianza kuwa mepesi na kutaka kunyanyuka, ikabidi niinamishe kifua hadi karibu na magoti ndipo kiti kikatulia. Kijana mwenye mabega yenye nguvu ataimudu. Mimi nikiwa na mfuko mapajani, au siku bega linaponiuma, siimudu. Tukachukua ya futi 6.

Hapa kuna jambo la kusoma kwa makini kwenye karatasi ya maelezo. Rampu yetu imeandikwa vimo viwili. Kimoja ni cha kiti chenye mtu, na hicho ni sentimita 15. Kingine ni sentimita 30, na hicho ni cha kiti kitupu, kwa mfano unapokisukuma kukipakia kwenye gari. Ukiona tangazo limetaja ile 30 pekee, unaweza kuamini kwamba rampu hiyo inafaa kidato cha sentimita 30 nawe ukiwa umekaa. Haifai. Huo ni mwinuko wa 1 kwa 6, na ni hatari kwa mtu aliyekalia kiti, iwe anasukumwa au anajisukuma.

Sasa rampu yenyewe. Ni ya alumini, ya kukunja katikati kama sanduku, ina mshikio, uzito wake ni karibu kilo 14. Mdogo wangu anaibeba kwa mkono mmoja. Mimi nikiwa kwenye kiti siwezi kuitandaza, hivyo tunaiacha mahali pake siku nzima. Uso wake una punje ngumu zinazokwaruza kama msasa, na hata ikiwa imelowa matairi hayatelezi. Kingo za pembeni zimeinuka sentimita chache, na gurudumu likienda upande unalisikia linagusa ukingo kabla halijatoka. Kwa mtu anayeshuka kinyumenyume bila kuona vizuri nyuma, ukingo huo ni wa lazima. Rampu tambarare isiyo na kingo nisingeikubali kwa kimo chochote kinachozidi kizingiti.

Ulimi wa juu, ile sehemu inayokaa juu ya kidato, ndio ninaoukagua kila ninapotaka kupita. Lazima ulale wote juu ya sakafu, usining'inie nusu. Wetu una matundu mawili ya pini za usalama, na tumeukaza hapo kwa bolti zinazoingia sakafuni. Kabla ya hapo skuta ya baba ilipokuwa ikipanda, magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, yaliirudisha rampu nyuma kidogo kidogo. Kiti changu hakiisogezi hivyo kwa sababu ni chepesi. Mwenye skuta asikubali rampu isiyo na njia ya kufungwa.

Uzito nao ujumlishwe wote. Skuta ya baba ina kilo 95 na yeye ni kama kilo 80. Ongeza mfuko wa mbele na msaidizi anayeweza kuwa ameikanyaga rampu wakati huo huo, unavuka kilo 250. Rampu yetu imeandikiwa kilo 270. Viti vya umeme vikubwa vinapita kilo 100 vikiwa vitupu, kwa hiyo mwenye navyo aanze na namba hiyo kabla ya kutazama kingine chochote.

Tuliwahi pia kuazima zile reli mbili za kuvuta, ambazo unatandaza moja kwa kila upande wa magurudumu. Kwa kubebeka zinapendeza, na kwa kiti kinachosukumwa na mtu aliyezoea zinafanya kazi. Kwangu hazikufaa: vidole vyangu viko kwenye pete ya kusukumia, na ukingo wa reli uko karibu sana na vidole hivyo. Baba hakuzijaribu kabisa, kwa kuwa magurudumu ya mbele ya skuta yake yamekaribiana kuliko ya nyuma, hayalingani kwenye mstari mmoja. Skuta ya magurudumu matatu ndiyo haiwezi kabisa, lile gurudumu la katikati halina pa kupita.

Skuta ina tatizo jingine ambalo wenye viti hatulijui: tumbo lake. Pale juu rampu inapokutana na sakafu panafanyika mgongo. Magurudumu ya mbele yakishavuka na ya nyuma yakiwa bado chini, sehemu ya katikati ya skuta inashuka karibu na mgongo huo. Skuta ndogo za kupakia kwenye gari zimekaa chini mno, nyingine kwa sentimita chache tu kutoka ardhini, na kwenye rampu fupi yenye mwinuko mkali zinakwama hapo tumbo likiwa limelala. Ya baba imeinuka vya kutosha na bado kwenye ile ya futi 4 ilikwaruza. Kwenye ya futi 6 inapita kimya.

Kiti changu chenyewe hugombana na sehemu ya chini. Ukishuka ukitazama mbele kwenye mwinuko mkali, vikanyagio vya miguu vinafika ardhini kabla ya magurudumu ya mbele, na kiti kinasimama ghafla mwili ukiendelea mbele. Kama una vile vigurudumu vidogo vya nyuma vya kuzuia kiti kisipinduke, navyo vinaweza kugota ardhini unapoanza kupanda. Rampu ndefu inapunguza yote mawili.

Mlango wa nyuma ulikuwa rahisi na sina mengi ya kuusemea. Una kizingiti cha sentimita 4 kwa nje, na tumeweka kipande cha mpira kilichochongwa kama kabari, sentimita 48 urefu. Ni kizito, hakisogei, hakipigi kelele, na fundi alikikata kwa kisu ili kiingie kati ya fremu. Wengi husahau upande wa ndani. Kwetu ndani palikuwa na kishuko cha sentimita 1.5, kidogo kwa macho, lakini magurudumu madogo ya mbele yalikuwa yakinasa pale kila niliporudi kutoka nje. Kipande kingine chembamba cha mpira kikamaliza shida. Kwa vizingiti vya namna hii mpira naupa alama zote.

Kuhusu kupima: usipime kimo pale kidato kinapogusa ardhi. Weka ubao ulionyooka juu ya kizingiti, uusawazishe kwa pimamaji, halafu shusha futi kamba kutoka ncha ya ubao, mahali ambapo rampu itaishia. Ardhi nyingi mbele ya milango zina mteremko wa kutoa maji, na kimo hapo huongezeka. Upana pima mlango ukiwa umefunguliwa kabisa, kutoka uso wa ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili, kwa sababu bawaba na unene wa mlango vinakula nafasi.

Tazama pia mlango unafungukia wapi. Wetu wa mbele unafungukia ndani, tukaokoka. Unaofungukia nje unataka sehemu tambarare mbele yake kabla rampu haijaanza. Kanuni za Marekani zinataka sehemu hiyo iwe na urefu wa karibu mita 1.5. Bila hiyo unabaki kwenye mwinuko, mkono mmoja umeshika kitasa na mwingine unazuia kiti kisirudi nyuma, huku mlango ukija usoni.

Kwa wenye skuta, nyongeza ya baba ninaiandika kama alivyosema: panda taratibu, nyooka, usikate kona ukiwa juu ya rampu. Ukiachia wenzo wa mwendo, breki inajishika yenyewe. Lakini ile klachi ya kuifanya skuta isukumike kwa mkono ikifunguliwa, breki hiyo haipo tena, kwa hiyo mtu asiifungue kabisa skuta ikiwa juu ya rampu.

Kasoro ya rampu yetu ya alumini ni jua. Mchana inashika moto kiasi cha kutogusika kwa kiganja, na mtu anayetambaa au anayejishika kwenye kingo ataungua. Mchanga pia hujaa kwenye bawaba ya katikati, na usipofagiliwa rampu hailali sawasawa, inabaki na mwanya unaotikisika. Tunaifagia asubuhi, na bolti tunazikaza zikianza kulegea. Kwa familia yenye kidato kimoja na watumiaji wa aina mbili kama sisi, ningeichukua hii hii tena, urefu ule ule.