TAHADHARI: Umefungiwa kamera ya gari Ngamiani? Fungua kifuniko uangalie waya

Ndugu zangu wa Tanga, hasa wenye teksi na mnaolaza magari nje: yupo muuza vifaa vya magari Ngamiani anayefunga kamera za dashibodi. Kanilia pesa mara mbili kwa kazi moja, na jana nimesikia jirani yangu naye kashatoa advansi kwake. Ndiyo maana naandika.

Kwenye IST yangu alinitoza 180,000 ya kamera, na 45,000 nyingine ya kifaa cha kuiunga moja kwa moja na umeme wa gari, ili irekodi hata gari likiwa limeegeshwa. Akaniapia kifaa kina ulinzi wa betri, chaji ikishuka kinajikata chenyewe. Nilikubali haraka, kwa sababu nilishavunjiwa taa ya nyuma stendi ya Kange na aliyenigonga sikumjua.

Ijumaa jioni nikaegesha, nikapanda basi kwenda msibani Lushoto. Jumatatu asubuhi nageuza funguo, nasikia tik tik tik, basi. Otomatiki hata kusukuma haiwezekani. Nikampigia. Akaja, hakupima chochote, akasema, "Mzee, betri imekufa." Akaniuzia nyingine kwa 170,000 na ya zamani akaondoka nayo. Wiki mbili baadaye gari likalala siku tatu, mambo yaleyale.

Safari hii nilienda kwa fundi umeme wa Makorora. Akavua kifuniko chini ya usukani, akaniita nichungulie. Waya mwekundu wa kamera umesokotwa juu ya waya wa gari wenye umeme muda wote, umezungushiwa tepu ambayo kwa joto imeshateleza, shaba iko wazi karibu kabisa na bati la bodi. Fyuzi hakuna. Shaba ile ingegusa bati, waya ungeweza kuwaka moto na mimi niko ndani na watoto.

Na kile "kifaa" ni cha kushusha volti 12 kuwa 5 tu, kama chaja ya simu. Kina waya mbili. Chenye ulinzi huwa na waya tatu: mmoja wa umeme wa kudumu, wa pili wa umeme unaokuja ukiwasha funguo, wa tatu wa bodi. Zile mbili za umeme zinapita kwenye fyuzi zao ndani ya boksi la fyuzi, na kamwe si kwenye fyuzi ya eabegi. Kifaa chenyewe huandikwa volti za kukatia, mfano 11.8 au 12.0. Cha kwangu hakina hata herufi moja.

Fundi akaweka mita. Gari limezimwa, funguo mfukoni, kamera inavuta ampea 0.4. Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60, yaani ampea-saa 24, na betri yangu ya kwanza ilikuwa ya 36. Haikuwa imekufa, ilinyonywa. Ilihitaji kuchajiwa tu, na huyu bwana kaondoka nayo.

Nimemrudia na waya mkononi. Anasema kosa ni la kijana wake, pesa hairudi.

Kama ndiye alikufungia, leo usiku chomoa plagi ya kamera kabla hujalala, kesho mpelekee fundi mwingine afungue. Picha za waya ninazo, anayezitaka aniandikie.