Redio mpya ya gari na betri iliyokufa: uzoefu wangu Lubumbashi

Toyota Vitz yangu ilifika Lubumbashi ikiwa na redio ya Kijapani ambayo masafa yake ya FM huishia megahezi 90, hivyo stesheni za hapa zilizo juu ya kiwango hicho sikuzipata kamwe. Nilinunua redio mpya yenye Bluetooth kwa dola 45, nikampa fundi mmoja karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, aifunge. Sauti ilitoka safi, nami sikuwa na neno, hadi Jumatatu moja asubuhi ambapo, baada ya gari kukaa siku tatu bila kuguswa, nilizungusha ufunguo nikasikia "tk" moja tu.

Fundi wa pili, mzee wa mtaa wa Katuba, hakuanza na betri. Alichomoa redio, akabandua utepe mweusi na kunionyesha waya wa manjano na waya mwekundu zikiwa zimesokotwa pamoja kama mkeka. "Mwanangu, hawa si ndugu," alisema. Waya wa manjano hupata umeme muda wote ili redio ikumbuke saa na stesheni, ilhali mwekundu hupaswa kuupata pale tu ufunguo unapofika kwenye ACC, nafasi inayowasha vifaa kama redio kabla ya injini. Kwa jinsi zilivyounganishwa, hata nilipoizima redio kwa kitufe haikulala: kipimo chake cha umeme (mita) kilisoma miliampia 300 huku gari limezimwa. Kwa saa 72 hizo ni ampia-saa 21 na ushee, na betri yangu ikijaa hubeba 35 tu, tena si mpya.

Kilichonivutia ni kwamba alipima kila waya wa gari bila kuamini rangi. Katika Toyota yangu umeme wa kudumu unapita kwenye waya wa buluu wenye mstari wa manjano, wa kontakti, yaani ule wa ACC, ni wa kijivu, na masi, kama mafundi wetu wanavyouita waya hasi unaoshikana na bodi ya gari, ni wa kahawia. Anayetafuta manjano kwa manjano atapotea. Alizitenganisha nyaya, akazilehemu, akarudisha fyuzi ya ampia 10 ambayo mwenzake alikuwa ameiruka. Mita ikashuka hadi miliampia 15. Alinitoza dola 10, mbili zaidi ya yule wa kwanza, na sikubisha.

Redio yenyewe naipenda, isipokuwa usiku uso wake hunimulika machoni, kwa sababu waya wa rangi ya machungwa, unaopunguza mwanga taa za gari zinapowashwa, bado unaning'inia nyuma ya dashibodi.