"Ondoa Puli," Wanasema: Uzoefu Wangu wa Kubadili Kichwa cha Visu

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na kichwa kipya cha visu vya mashine yangu ya mbao ina hatua 11, na hatua ya 4 inasema hivi: "Ondoa puli," yaani lile gurudumu linalovutwa na mkanda wa mota. Basi. Hakuna picha, hakuna mshale, hakuna hata "angalia". Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya karakana, kipande cha puli mkononi, nikimsikiliza kijana wa wauzaji kwenye simu akiniuliza kama kweli mimi ni fundi.

Nitarudi kwake, msijali. Kwanza niseme nilichokuwa nakitafuta, maana najua wapo watakaouliza visu vya zamani vilikuwa na kosa gani.

Havikuwa na kosa. Mashine yangu ni ile ya kazi zote pamoja: randa juu, kusawazisha unene chini, msumeno ubavuni, na mahali pa kutobolea. Kichwa chake, yaani ule mhimili unaozunguka na visu, kilikuja na visu vitatu virefu vya kunoa, na vimenilisha. Mwenye kosa ni mvule. Anayepiga randa mvule anajua, ndani ya mti ule hukaa vijiwe, chokaa iliyoganda humo humo kwenye mbao, na huvioni mpaka kisu kikutane navyo. Kisu kikishapata pengo, kila ubao unaopita unatoka na mstari uliovimba kama mshipa, urefu mzima. Basi ufungue visu vyote vitatu, ukanoe, uvirudishe, upime kimoja kimoja kwa rula mpaka viwe na kimo kimoja, na ukikaza kabari kisu kinapanda kidogo kana kwamba kinakucheka. Asubuhi imekwisha. Halafu nyuzi za mvule zenyewe zimepishana. Ukipiga upande huu inanyofoka, ukigeuza ubao inanyofoka kwingine.

Ndiyo maana nikaamua kuchukua kichwa cha msokoto, chenye vimeno vidogo vya mraba vya kabaidi, madini magumu kuliko chuma cha kisu, vilivyopangwa kwa kujipinda kuzunguka shafti. Kimeno kikigonga kijiwe unalegeza skrubu moja, unakigeuza robo, unakaza, unaendelea na kazi. Kila kimeno kina pande nne za kukatia. Kilipofika nilikibeba mwenyewe kutoka mlangoni. Ni kizito kama mtoto wa mwaka mmoja, na kama mtoto wa mwaka mmoja kinang'ata: kilinichana kidole kabla sijamaliza kukitoa kwenye karatasi yake ya mafuta. Kibebeni kwa glavu. Na hizo glavu mzivue kabla hamjawasha mashine, tafadhali.

Nilichomoa umeme. Nikafungua meza, nikatoa kinga, nikalegeza mkanda. Mpaka hapo nilikuwa napiga mluzi. Kwenye shingo ya puli kuna tundu dogo, na ndani yake skrubu isiyo na kichwa, ya kufungua kwa spana ya L. Nikaitoa. Ilitoka laini, nikaiweka kwenye kifuniko cha chupa isije ikapotea. Nikaivuta puli kwa mikono. Haikutikisika. Nikanyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaenda kufanya shughuli nyingine, nikarudi. Bado. Nikasema mashine ni ya siku nyingi, hiyo ni kutu tu. Nikafunga pula ya miguu mitatu, kile chombo cha kuvutia puli kwenye shafti, nikakaza kidogo, nikagonga, nikakaza tena.

Ta!

Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa upande wa pili wa mashine, haoni kitu. Akauliza kwa furaha, "Imetoka, fundi?"

Imetoka, mwanangu. Robo yake. Ukingo wa puli ulikuwa sakafuni kama mwezi mchanga. Chuma cha kumwaga hakina tabia ya kupinda kwanza ili kukuonya, kinakatika tu.

Nikamulika tundu kwa tochi ya simu. Chini kabisa, imejaa grisi na vumbi la mbao mpaka rangi yake imefanana na tundu lenyewe, kuna skrubu nyingine. Ya pili. Katika tundu lile lile! Ile niliyoitoa ilikuwa mlinzi tu, imekalia mgongo wa mwenzake. Mwenye kazi yake alikuwa ndani, ameing'ang'ania shafti, ananisikiliza nikigonga.

Nisiwe mtu wa kuropoka. Aliyebuni hizo skrubu mbili alikuwa na akili. Kitu kinachozunguka mara 5,000 kwa dakika hutetemeka muda wote, na skrubu moja hulegea polepole bila kuaga. Ukiikandamiza kwa nyingine juu yake, haina pa kwenda. Naye sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na aliyeketi mezani, akaandika jina la mashine yangu hii hii juu ya karatasi kwa herufi nene, maana yake anaijua, kisha akaandika "Ondoa puli" akaenda zake.

Nikawapigia simu wauzaji. Akapokea kijana, sauti ya mtu aliyelala kwenye kiti.

"Bosi, ulivuta puli kabla ya kutoa skrubu?"

"Skrubu nimetoa."

"Zote mbili?"

"Sikujua kwamba ziko mbili."

Akacheka. Si kicheko hasa, ni kile cha puani. "Hizo huwa mbili, bosi. Kila fundi anajua. Kwani wewe kazi yako hasa ni gani?"

Nimepiga randa miaka 20 na ushei. Nikamwuliza, kama kila fundi anajua, hii karatasi mmemwandikia nani? Akanijibu, "Mzee, soma karatasi vizuri." Kutoka bosi hadi mzee, na dakika mbili hazijaisha. Mzee si tusi, nakubali, wanangu wananiita hivyo. Lakini kuna mzee ya heshima na kuna mzee ya kaa-chini-upumzike, na sikio halikosei. Nikamsomea hatua ya 4. Nikamsomea mara ya pili, polepole, herufi kwa herufi. Kimya. Kisha akasema puli si yao, wao wanauza kichwa, puli nitajua mwenyewe.

Kabla hajakata nikawahi kumwuliza habari ya beringi, maana kichwa kilikuja kitupu na beringi zake mbili kwenye mfuko, za namba 6205. Nizipashe moto, au mnataka niingize kwa presi?

"Gonga tu nyundo taratibu, zinaingia."

Ndugu zangu! Ukiigonga beringi kwenye pete ya nje ili pete ya ndani ipande kwenye shafti, nguvu yote inapitia kwenye gololi, na gololi zinachimba vishimo kwenye njia yake. Huvioni. Unafunga, inazunguka, unafurahi, na baada ya muda inaanza kuimba. Mimi nilizipasha kwa joto kavu, la kuunguza kidole lakini si la kuharibu raba za kufunika pembeni. Moja ikateleza yenyewe. Iliyogoma nikaisukuma kwa kipande cha bomba kinachokaa kwenye pete ya ndani tu. Hayo nayo hayamo katika karatasi. Hatua ya 6 inasema, "Weka beringi." Nadhani mnaanza kumzoea mwandishi.

Puli nilikerezewa mpya. Hapo sina mengi, ila kipenyo chake lazima kiwe kile kile cha zamani. Puli ya kichwa ikipungua milimita chache tu, visu vinakimbia kuliko mashine ilivyopangiwa. Fundi wa kukereza vyuma alikigeuzageuza kile kipande nilichompelekea, akachungulia tunduni, akasema, "Skrubu mbili, eh?" Nikanyamaza. Kumbe ni kweli, kila fundi anajua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na sijui kwa nini limenizidishia hasira kwa yule kijana badala ya kuipunguza.

Mpaka siku ya kuwasha, hukumu yangu ilikuwa tayari: nyota 1, na hiyo moja ni ya sanduku, lilikuwa imara. Nikazungusha kichwa kwa mkono raundi kadhaa kuona hakigusi popote. Nikarudisha umeme. Nikawasha.

Nilidhani hakizunguki. Mota niliisikia, mkanda niliusikia, lakini ile sauti ya king'ora ya visu virefu, ile inayokufuata mpaka kitandani, haikuwepo. Nikachukua ubao mmoja wa mvule niliokuwa nimeuweka pembeni muda mrefu kwa ubaya wake, una fundo na nyuzi zinazogombana, nikaupitisha chini, kwenye unene. Maranda hayakutoka marefu yaliyojikunja kama tuliyozoea. Yalitoka vipande vifupi vifupi, kama magamba ya samaki. Nikaugeuza ubao nikaupitisha kinyume, makusudi, kwa nia mbaya kabisa, nikitafuta sababu ya kuandika maneno makali. Nikapitisha kiganja juu ya fundo. Hakuna hata uzi ulionyofoka. Kijana wangu naye akagusa. Akanitazama, akagusa tena. Nikatoka nje nikasimama kidogo.

Nyota 5. Nilikuwa tayari hata kumpigia yule kijana simu tuyamalize.

Utayari huo ulidumu mpaka nilipofunga meza ili nipige randa juu. Ubao uliingia vizuri, ukavuka visu, ukagonga mdomo wa meza ya kutolea ukasimama. Kichwa kipya ni chembamba kuliko cha zamani! Kidogo mno, unene wa karatasi mbili tatu, lakini kwenye randa karatasi tatu ni mlima. Meza ya kutolea inatakiwa iwe sawasawa na kilele cha mzunguko wa visu. Ikiwa juu, ubao unagonga. Ikiwa chini, unang'atwa mkiani mwishoni mwa safari. Wanajua kipenyo cha kichwa chao. Wanajua cha mashine, jina lake wameliandika juu. Hatua ya 10: "Rudisha meza."

Nikakaa na rula ya chuma na zile skrubu za kushushia meza, nikizungusha kichwa kwa mkono, nikishusha kidogo, nikijaribu, nikipandisha, mpaka kimeno kikawa kinaigusa rula bila kuibeba. Kipimo cha unene nacho kikawa kimegeuka mwongo, kinasema 20 na ubao unatoka 20 na unywele. Nikakirekebisha. Sihesabu saa nilizotumia, nikihesabu nitaanza upya kutukana.

Halafu kukawa na mstari. Mwembamba, umenyooka, kila ubao, mahali pale pale. Simu nilikuwa nimeshaishika. Hapa lazima nijishtaki. Siku kichwa kilipofika, kwa shauku tu, nilikuwa nimefungua kimeno kimoja nione kinavyokaa, nikakirudisha bila kufuta kitako chake. Chembe ya uchafu, basi, ikakiinua juu ya wenzake. Nikaifuta, nikakikaza kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, maana kabaidi ni ngumu lakini ukiikandamiza juu ya uchafu inapasuka, na mstari ukatoweka. Simu nikairudisha mfukoni. Kijana wangu alikuwa anaangalia dari.

Kwa hiyo kinunuliwe? Kichwa, ndiyo. Tangu nikifunge nimegeuza vimeno vitatu tu, na kila mara kwa sababu ya vijiwe, kazi ya dakika chache. Mota inafanya kazi zaidi, naisikia ikihema nikila milimita 3 kwenye ubao mpana, kwa hiyo siku hizi nakula kidogo kidogo. Hilo si kosa la mtu. Kwa kichwa pekee ningetoa 5 bila kusita. Kwa karatasi, 0, na kama kungekuwa na chini ya 0 ningeshuka. Nilikuwa nimeandika 4, nikakumbuka kile kicheko cha puani, nikaandika 2. Leo asubuhi nimepitisha ubao wa mvule, nimeandika 3. Msinishike kwa neno hilo.

Juzi juzi hapa simu yangu ikaita. Yule yule. Safari hii sauti imekaa wima.

"Shikamoo, fundi."

Fundi! Nikaitikia, maana shikamoo hainyimwi mtu.

"Fundi, kuna mteja wetu ana mashine kama yako. Anasema puli imegoma kutoka. Hatuna picha ya ile skrubu ya ndani. Ungeweza kutusaidia?"

"Soma karatasi vizuri," nikamwambia, nikakata.

Nilikaa na raha hiyo kama nusu saa. Kisha nikaanza kumfikiria huyo mteja, nisiyemjua, pula keshaifunga, anakaza kidogo, anagonga, anakaza. Nikaiangua puli iliyovunjika kutoka msumarini, nikazirudisha zile skrubu mbili tunduni mwake, moja juu ya mgongo wa nyingine, nikamwambia kijana ashike tochi.