Uzoefu wangu na virsh: kuendesha VM zote kwa kuandika amri tu

Kama una mashine ya Linux na unaendesha VM (kompyuta pepe zinazoishi ndani ya kompyuta halisi) juu yake kwa KVM, kile kipengele cha Linux kinachoziendesha, basi virsh huenda tayari unayo, na mi nasema wazi ndo chombo ninachokishika kila siku ya kazi na sijaona sababu ya kurudi kwenye madirisha ya kubofya bofya. Wengi naona wanaijaribu kidogo, wanakutana na ugumu wa mwanzo, wanaikimbia. Wanakosa kitu kizuri sana.

Kwa asiyeijua, virsh ni upande wa amri wa libvirt, mradi huria wa kusimamia VM ulioanza mwaka 2005 chini ya Daniel Veillard wa Red Hat. KVM yenyewe iliingia kwenye keneli (kiini) ya Linux toleo la 2.6.20 mwaka 2007, yani libvirt ilikuwepo hata kabla yake, ikianzia na Xen, mfumo mwingine wa kuendesha VM. Umri huo unauona kwenye kazi, amri nilizojifunza zamani bado zinafanya kazi vilevile, na amri hizohizo zinakupeleka kwenye KVM, Xen au LXC (kontena za Linux) bila kujifunza upya. Linganisha na seva za kukodi, aws ec2 ya Amazon ina lugha yake, gcloud compute ya Google ina yake, ukihama unaanza moja.

Kilichonifanya nibaki ni kuendesha seva iliyo mbali. Unaandika virsh -c qemu+ssh://jina@seva/system list --all na unaletewa VM zote za ile mashine, zilizowaka na zilizozima, mlango unaohitaji ni uleule wa ssh (njia salama ya kuingia seva kwa mbali) ulio nao tayari. Kinachosafiri ni maandishi tu, kwa hiyo hata intaneti ikiwa ya kusuasua unafanya kazi yako vizuri, wakati dirisha la picha lingekuwa limeganda zamani. Mi naweka ile anwani kwenye kigezo cha mazingira LIBVIRT_DEFAULT_URI ili nisiiandike kila mara, na natumia funguo za ssh badala ya nywila.

Sasa tahadhari ya kwanza, na hii ndo inayokimbiza watu. Ukiwa na akaunti ya kawaida ukaandika virsh list --all unaweza ukaona orodha tupu ukadhani VM zimepotea, hazijapotea popote, ni kwamba bila root (msimamizi mkuu) virsh inakupeleka qemu:///session ambayo ni eneo lako binafsi, na VM nyingi za seva zinakaa qemu:///system. Taja system kwenye amri, akaunti yako iwe kwenye kundi la libvirt, basi, zote zinarudi machoni.

Tahadhari ya pili ni kuzima. virsh shutdown inatuma ombi la ACPI (ishara kama ya kubonyeza kitufe cha kuzima) kwa VM halafu inakurudishia terminali hapohapo, haisubiri, na mfumo ulio ndani ukiwa umeganda au hausikilizi ACPI hakuna kitakachotokea, kwa hiyo angalia list tena kabla hujaendelea. virsh destroy inatisha kwa jina lakini haifuti kitu, ni kama kuchomoa waya wa umeme ukutani, diski inabaki ilivyo ila data iliyokuwa haijaandikwa inaweza kuharibika. Ya kuogopa kweli ni undefine ukiiongezea --remove-all-storage, hiyo inaondoka na diski pia. Mi kabla ya hapo lazima nipige virsh domblklist nione ni mafaili gani hasa yameshikwa na ile VM, hata niwe na haraka kiasi gani.

Halafu kuna virsh console, jamani hii naipenda. Mteja mmoja aliweka sheria za ukuta wa moto ndani ya VM yake zikafunga ssh kwa kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo. Niliingia kwa console kama vile nimekaa mbele ya kioo cha ile seva, nikarekebisha, kazi ikaendelea bila kuwasha upya chochote. Lakini lazima uiandae mapema, mfumo wa ndani uwe umeruhusu siriali (mlango wa maandishi ambao console inautumia) kwa console=ttyS0 kwenye vigezo vya keneli, au uwashe huduma ya serial-getty@ttyS0, la sivyo utapata skrini tupu siku unayoihitaji kuliko siku zote. Kutoka ni Ctrl na ], inafaa uikumbuke kabla hujaingia.

Kubadilisha mipangilio ni virsh edit, inakufungulia XML ya VM, yani faili la maandishi lenye mipangilio yake, na ukikosea inakataa kuihifadhi, na hilo limeokoa wengi. Cha kujua ni kwamba mabadiliko hayo hayaingii kwa kuributi ndani ya VM, inabidi izimwe kabisa halafu iwashwe kwa virsh start. CPU unaweza kuongeza ikiwa inawaka kwa setvcpus na --live --config, mradi usizidi kiwango cha juu ulichoiwekea. Kwenye setmem andika kipimo kabisa, mfano 4G, maana ukiacha namba tupu inahesabu kwa KiB (kilobaiti) na hicho sicho ulichokusudia.

Snapshoti, yani kuhifadhi hali ya VM ya wakati fulani ili uweze kuirudia, ndo sehemu inayohitaji utulivu. snapshot-create-as kwenye diski ya muundo wa qcow2 ni rahisi na ukitaka kurudi nyuma kuna snapshot-revert, naitumia kila kabla ya apdeti kubwa, ila diski ya raw (muundo mtupu usio na nyongeza) haiwezi kubeba snapshoti ya ndani namna hiyo. Ukitumia --disk-only inatengeneza faili jipya na VM inaanza kuandika humo, faili la zamani linabaki kama msingi wake, sasa ukiendelea kurundika hivyo unapata mnyororo mrefu wa mafaili yanayotegemeana na likifutwa moja la katikati umekwisha. Kwa hiyo ukimaliza shughuli yako rudisha kwa virsh blockcommit pamoja na --active --pivot, VM ikiwa inawaka, mnyororo unarudi kuwa faili moja. Na nisisitize, snapshoti iliyo kwenye diski ileile sio bakapu. Diski ikifa vimekufa vyote viwili.

Nisichokipenda? XML ni ndefu na inachosha macho, hilo siwezi kulificha. Kutengeneza VM mpya unaishia kutumia virt-install ambayo ni programu ya pembeni yenye vigezo vingi mno. Mtandao wa default, ule wa libvirt yenyewe, nao mara nyingine unaukuta umezimwa baada ya mashine kuwaka na VM zinagoma kuanza, dawa yake net-start default kisha net-autostart default. Na domifaddr inaleta jibu tupu kama VM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bridge (daraja la kwenda mtandao wa nje), kwa sababu inasoma orodha ya DHCP (huduma ya kugawa IP) ya libvirt yenyewe, weka programu ndogo ya qemu-guest-agent ndani ya VM halafu uongeze --source agent utaiona IP.

Ila uzuri wa amri ni kwamba zinaungana. virsh list --all --name inatoa majina matupu bila mapambo, unayatia kwenye for ya bash na VM zote zinachukuliwa snapshoti, zinazimwa kwa zamu au zinawekewa autostart (kujiwasha zenyewe), skripti ya mistari michache inafanya kazi ambayo kwa kubofya ingekula mchana mzima na mtu akichoka anaruka moja bila kujua. Kwangu hapa ndo penye thamani kubwa kuliko pengine pote, kazi imeandikwa, mwenzako anaweza kuisoma, na wiki ijayo inafanyika vilevile.

Kama unaanza leo, kitu cha kwanza kabisa piga virsh dumpxml kwa kila VM na uhifadhi hayo mafaili nje ya ile mashine pamoja na bakapu za diski. Ukibaki na diski bila XML utaunda maelezo upya, VM itaamka na MAC address (namba ya kadi yake ya mtandao) nyingine, na kama DHCP yako inagawa IP kwa kuangalia MAC itapewa IP tofauti, huduma zote zilizokuwa zinaitafuta kwenye anwani ya zamani zitakatika wakati diski yenyewe ni nzima kabisa.