Kapchorwa na watoto Desemba: nyota nne

Watoto wetu wanataka theluji, wanaiona kwenye katuni, watu wamevaa mbao miguuni wanateleza tu. Sasa kuteleza hivyo na familia bila kutoka Afrika, watu wanaenda Lesotho kule Afriski na msimu wao ni Juni mpaka Agosti, Desemba hamna kitu. Theluji ya kwetu Uganda iko milima ya Rwenzori huko karibu na kilele cha Margherita, mita 5,109, na hiyo unaifuata kwa miguu siku kadhaa na mwisho ni kamba na vyuma vya barafu, mtoto wa praimari umpeleke wapi. Kwa hiyo nikamwambia baba watoto tutafute baridi tu, theluji waendelee nayo kwenye tivii.

Kila ukiuliza unaambiwa Kabale na Ziwa Bunyonyi ama Fort Portal. Pazuri sana, ila sikukuu kila mtu kashafika. Sisi tukaenda Kapchorwa, Mlima Elgon, mashariki ya Uganda.

Barabara kutoka Kampala haina shida, Jinja, Iganga, unachukua barabara ya Tirinyi mpaka Mbale, na kuku wa Namawojjolo kwenye kijiti lazima umle ndo safari ianze. Ukitoka Mbale ukaanza kupanda ni lami lakini kona juu ya kona, masikio yanaziba, yule wa kutapika akae mbele na mfuko mkononi.

Wengi wanaishia Sipi, kwenye maporomoko ya maji. Mimi nasema kama una watoto wadogo pita, nenda ulale Kapchorwa taun yenyewe, Sipi mtarudi mchana. Zile loji za ukingoni zinauza viu, na viu ndo hiyo hiyo mtoto anaikimbilia ukiwa umegeuka kulipa soda, moyo wangu hauwezi.

Gesti tuliyolala jina siweki, mwenyewe ni mama mstaarabu na lalamiko ninalo. Tuliambiwa maji ya moto yapo saa zote. Kumbe ni ya sola, na sola na ukungu wa kule haviivi chungu kimoja, jioni unafungua bomba yanatoka maji ya kukata vidole. Kusema kweli hawakutuacha hivyo, dada wa jikoni alikuwa anapandisha jerikeni ya maji ya kuchemsha na beseni, tunaoga kwa zamu kama bwenini. Vitanda safi, mablanketi mazito mawili mawili. Chakula agiza mapema jamani, kuku ukimuagiza saa moja ndo kwanza anakimbizwa uani. Malewa (machipukizi ya mianzi) ya karanga na viazi vyao lakini, mume wangu ambaye akikosa nyama hasemi na mtu alirudia sahani.

Kitu watoto hawajaacha kuhadithia ni wakimbiaji. Huku Sebei, eneo la Kapchorwa, ndo kwa kina Cheptegei, dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024, na Kiprotich wa maratoni London 2012. Alfajiri wanapita barabarani kundi zima, kimya, unasikia viatu tu. Kijana wangu akawafuata na sandali zake, nguzo ya tatu ya umeme hakuifika, kakaa chini kashika mbavu na mmoja wao anamgeukia anamcheka huku bado anakimbia. Hewa ya juu si ya Kampala.

Sipi yenyewe maporomoko ni matatu, lile kubwa karibu mita 100. Ukipaki tu vijana wanakuzunguka kila mmoja ni mwongoza wageni, elewaneni bei kabla ya kutembea, muulize kabisa kama ndani yake kuna pesa ya wenye mashamba mnakopita, maana mbele utaombwa tena. Njia inateremka katikati ya kahawa na migomba, ni udongo wa kuteleza (haya, wakateleza!), vaeni gambuti. Kama mguu hauna nguvu liangalieni kubwa kutoka juu mkamalizie kwenye kahawa, watoto wanatwanga wenyewe kwenye kinu, wanaikaanga kwenye chungu mpaka nyumba nzima inanukia, halafu mnakunywa. Wangu walipenda hii kuliko maporomoko.

Mvua nyingi usiende, sisemi kwa kutisha. Maporomoko ya udongo ya Novemba 2024 Bulambuli yaliua watu na ni hapo hapo chini unapopita. Desemba mwishoni mpaka Februari ndo pakavu.

Lugha msihofu, Kiswahili kinaeleweka, Kenya iko pale. Na ndugu wa Kitale, nyie njoeni na mpaka wa Suam, huku upande wetu barabara ni lami mpaka Kapchorwa, hamna haja ya kuzunguka Malaba. Ila pigeni simu kwanza mtu awashe moto wa maji.